Mwenda Pole Hajikwai: Njia za Miguu na Baiskeli katika Vilima vya Masukulu

Tunapotaja utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu hukimbilia ngoma, vinyago, mavazi na mashairi. Ni nadra mtu kuitaja njia. Hata hivyo njia ni kazi ya watu, kama vile jembe na nyumba zilivyo kazi yao; ina historia yake, ina adabu zake, na ina vizazi vya watu walioikanyaga mpaka ikawa njia. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alieleza kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu wasio na roho ya taifa. Papo hapo aliongeza kwamba kufufua utamaduni wetu hakuna maana ya kuukataa utamaduni wa wengine. Mafundisho hayo mawili, yaani kuthamini kilicho chetu na kujifunza kilicho chema cha wageni, yanaonekana kwa macho katika njia nyembamba za Masukulu, wilayani Rungwe, ambako njia ya mababu na gurudumu la kigeni vilikutana na kuwa kitu kimoja.

Insha hii inakusudia kueleza historia ya makutano hayo. Kadhalika inakusudia kuondoa dhana moja potofu. Mgeni anayepita leo katika njia hizo kwa baiskeli husifu utulivu wake, akadhani kwamba mahali penye utulivu hapana historia. Ukweli ni kinyume chake. Utulivu huo umetokana na historia, na asiyeijua historia hiyo hataweza kuulinda utulivu wenyewe.

Nchi ilivyo

Masukulu iko upande wa kusini-mashariki wa mji wa Tukuyu, mahali ambapo miteremko ya milima inaanza kulegea kuelekea uwanda wa Kyela na Ziwa Nyasa. Kaskazini umesimama mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960. Mashariki, kama ukuta wa buluu, imejipanga milima ya Livingstone, ambayo nyuma yake iko nchi ya Ukinga. Tukuyu iko yapata mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko yapata mita 475. Hivyo mtu anayetoka Tukuyu kwenda ziwani hushuka zaidi ya mita 1,100 katika safari inayoweza kumalizika kwa siku moja.

Nchi yote hiyo ni zao la moto wa volkeno. Mlima Kyejo, ulio jirani na Rungwe, ulitoa zaha yapata mwaka 1800, jambo la jana tu katika hesabu ya umri wa milima. Maziwa madogo ya mviringo, kama vile Ngozi na Masoko, yamo ndani ya vinywa vya volkeno za kale. Wataalamu waliochimba matope yaliyo chini ya ziwa la Masoko wamepata humo tabaka zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000, nazo zimewasaidia kujua jinsi mvua na misitu ilivyobadilika katika karne nyingi. Udongo wa volkeno una rutuba, na mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo sababu migomba imetanda kila upande.

Lakini mvua hiyo hiyo huzaa mito mingi, na mito huchimba mabonde. Kiwira, Mbaka na Lufilyo yote hutiririka kwenda Ziwa Nyasa, kila mmoja katika bonde lake. Kwa hiyo mwenye kutembea katika nchi hii hana budi kuchagua: ama afuate mgongo wa kilima, ambako maji hayatuami na njia haikatiki, ama ateremke bondeni atafute kivuko. Wahenga walichagua njia za migongo kwa safari ndefu, na njia za mabonde kwa safari fupi za jirani kwa jirani. Mpango huo haukuchorwa na mhandisi yeyote katika karatasi. Ulichorwa kwa miguu, na bado unafuatwa hata leo.

Njia kabla ya gurudumu

Njia za kale zilikuwa njia za kubadilishana mali. Wakinga wa milimani walikuwa wahunzi hodari. Waliteremka na majembe na mikuki, wakarudi kwao na chakula cha nchi ya chini. Wanawake wa Kikisi, wakaao ukingoni mwa ziwa, walifinyanga vyungu vilivyosifiwa kwa wembamba na uimara. Vyungu hivyo vilisafirishwa kwa mitumbwi hadi pwani ya uwanda, kisha vikapandishwa vilimani vichwani mwa watu. Kutoka juu zilishuka ndizi na maharage. Kutoka chini vilipanda samaki na mazao ya nchi ya joto. Tofauti ya kimo kati ya mlima na ziwa ndiyo iliyozaa biashara, na biashara ikaziweka njia wazi.

Njia zilikuwa pia za ujirani. Wanyakyusa walikuwa na desturi iliyowashangaza wataalamu wengi: vijana wa rika moja waliondoka katika kijiji cha baba zao wakajenga kijiji chao wenyewe, wakakua humo pamoja hadi uzee. Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliieleza desturi hiyo kwa kirefu. Monica alikiita kitabu chake cha mwaka 1951 kwa jina lenye maana ya uandamani mwema, kwa sababu aliona kwamba kuishi, kula na kuzungumza pamoja na wenzi wa rika, jambo ambalo Wanyakyusa huliita ukwangala, ndilo lililohesabiwa kuwa utu. Sasa tufikiri: ikiwa baba wako kijiji kimoja na wana wako kijiji kingine, basi njia kati ya vijiji hivyo ilibeba chakula, habari, ng'ombe wa mahari na salamu za kila siku. Ilikuwa kiungo cha vizazi.

Njia ilikuwa na adabu zake. Mkubwa hupishwa. Mwenye mzigo hupishwa na asiye na mzigo. Wanaokutana hawapitani kama ng'ombe; husimama, husalimiana, huulizana habari za nyumbani. Hapana shaka kwamba adabu hiyo ilikuwa pia ulinzi, kwa maana mgeni alijulikana mapema, na habari zilimtangulia.

Joseph Thomson, mpelelezi Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliwasifu sana Wanyakyusa kwa usafi wa vijiji vyao na uzuri wa nyumba zao chini ya migomba. Msifu huyo, hata hivyo, alifika kwa kuongozwa katika njia ambazo wenyeji walikuwa wamezichonga tayari. Katika vitabu vya wapelelezi mara nyingi twasoma kwamba fulani aligundua nchi. Yafaa wanafunzi wetu waulize kila mara: alipita njia ya nani?

Barabara kuu na njia zilizosahauliwa

Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani, Wamoravia na wa chama cha Berlin, walijenga vituo vyao vya kwanza katika nchi hii. Nyuma yao ikaja serikali ya Kijerumani, iliyoweka boma lake ziwani, kisha ikalihamishia mlimani mahali palipoitwa Neu-Langenburg, ndipo Tukuyu ya leo. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipozuka, majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini na kuliteka boma hilo mwezi Mei 1916. Katika vita hiyo wapagazi walichukuliwa kwa wingi, wakabebeshwa risasi na chakula cha majeshi ya pande zote mbili. Njia zilizokuwa za vyungu na majembe zikawa njia za mateso.

Baada ya vita, utawala wa Kiingereza uliimarisha barabara. Lakini barabara ya mkoloni ilikuwa na shabaha yake: kuunganisha boma, bandari ya ziwa na soko la nje. Barabara kuu ilitoka Mbeya, ikapita Tukuyu, ikateremka upande wa magharibi kwenda uwanda wa Kyela. Vilima vya Masoko na Masukulu, vilivyo mashariki ya barabara hiyo, vilibaki pembeni. Huko zilipitishwa barabara ndogo za udongo tu, na njia za miguu zikaendelea na kazi yake kama zamani.

Hapa ndipo ulipo mzizi wa utulivu tunaouzungumzia. Njia za Masukulu ni tulivu kwa sababu biashara kubwa ya kikoloni ilipita mahali pengine. Kwa mkulima wa wakati ule jambo hilo lilikuwa hasara, maana mazao yake yalilazimika kubebwa kichwani mpaka yafike penye lori. Kwa hiyo tusiusifu utulivu huo bila kukumbuka shingo zilizoulipia.

Kuja kwa baiskeli

Baiskeli haikuzaliwa siku moja. Mwaka 1817 Karl Drais wa Ujerumani alitengeneza chombo cha magurudumu mawili kilichosukumwa kwa miguu kugusa ardhi. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Ufaransa walikitia pedeli. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yenye magurudumu yaliyolingana na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma, na mwaka 1888 John Dunlop alibuni huko Belfast tairi lenye kujazwa upepo. Baiskeli tunayoijua ikawa imekamilika. Ni chombo cha wafanyakazi: hakili majani kama punda wala hakinywi mafuta kama gari, nguvu yake ni ile ya mwenye kukipanda.

Rungwe ilikipata chombo hiki kwa jasho la wana wake. Kodi ilidai fedha, na fedha haikupatikana kirahisi kijijini. Vijana walitembea kwa miguu hadi machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, yaliyoanza katika miaka ya 1920. Wengine walivuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakafika hata migodi ya Afrika Kusini. Aliyerudi salama alirudi na blanketi, nguo, na akijaliwa, baiskeli. Hiyo ilikuwa hati ya ushahidi kwamba ujana wake haukupotea bure chini ya ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vyama vya ushirika vya kahawa vilipopata nguvu, mkulima aliyebaki nyumbani naye aliweza kununua baiskeli kwa mauzo ya buni zake.

Wapo watakaouliza: baiskeli ina kazi gani katika nchi ya vilima? Jibu limo katika hekima ya wenye kuitumia. Mtu wa Masukulu hakuihesabu baiskeli kuwa kiti pekee. Aliihesabu kuwa kiti akishuka, na kuwa mkokoteni akipanda. Katika mpando huiweka mikungu ya ndizi juu ya karia, akaifunga kwa mpira wa tairi kuukuu, akashika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, akaikokota polepole. Mzigo ambao ungehitaji vichwa viwili au vitatu hupanda kwa nguvu za mtu mmoja. Katika mteremko huzikagua breki kwanza, hupanda, na huteremka kwa utaratibu. Hapo methali ya wahenga kwamba mwenda pole hajikwai si maneno ya kupamba mazungumzo, ni sheria ya usalama.

Pamoja na baiskeli alizaliwa fundi baiskeli. Chini ya mti penye njia panda aliweka pampu, spana, gundi na vipande vya mpira. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, bidhaa zilipoadimika nchini na tairi jipya likawa kama lulu, mafundi wa namna hiyo waliyashona matairi yaliyochanika na kuviokoa vyombo vilivyokufa. Baiskeli za Swala, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilitembea bega kwa bega na Raleigh za Uingereza na Phoenix za China. Walimu wa elimu ya watu wazima, mabwana shamba, makarani wa ushirika na wauguzi walivifikia vijiji kwa baiskeli. Ilikuwa chombo cha kujitegemea kwa maana halisi ya neno hilo.

Pamoja na sifa hizo, haki inatudai tuseme na kasoro. Kwa muda mrefu baiskeli ilikuwa mali ya mwanamume. Mume alipanda baiskeli na mke akafuata kwa miguu na mkungu wa ndizi kichwani. Kaka aliwahi shuleni na dada akachelewa. Adabu ya njia iliyodai mwenye mzigo apishwe haikufika mpaka kudai mwenye mzigo apewe gurudumu. Utamaduni unaofaa kurithiwa ni ule unaochujwa, na hili ni chicha la kutupwa. Msichana wa sekondari anayeendesha baiskeli yake leo haivunji mila ya njia, anaikamilisha.

Safari iliyo darasa

Tuseme mwalimu wa historia anataka kuwafundisha wanafunzi wake kwa kuwatembeza. Na aanzie Tukuyu asubuhi, akiacha barabara kuu na kushika njia ya kusini-mashariki kuelekea Masoko. Nyuma yake yuko Rungwe. Hapo atafundisha habari za volkeno. Akifika Masoko atawaonyesha ziwa lililotuama katika kinywa cha moto uliozimika, na majengo ya kale ya enzi za ukoloni. Husimuliwa kwamba wakati wa vita Wajerumani walizamisha fedha zao katika ziwa hilo. Mwalimu na aieleze hadithi hiyo kama hadithi, na awaulize wanafunzi tofauti kati ya masimulizi na ushahidi, maana hilo ndilo somo la kwanza la historia.

Kutoka hapo njia inashuka Masukulu kati ya migomba na mashamba. Kelele za malori hazifiki. Husikika maji, ndege na salamu. Mwalimu na awaamuru wanafunzi washuke katika baiskeli kila wakutanapo na wazee, wawaulize majina ya vijito na vilima, na sababu ya kila jina. Kadiri wanavyoteremka katika bonde la mto Mbaka, hewa inazidi kuwa nzito. Kahawa na chai vinabaki juu, na mahali pake panashikwa na kakao na mpunga. Wanafunzi wataona kwa macho ile tofauti ya kimo iliyozaa biashara ya kale. Mwisho wa safari, wakipita Ipinda na kufika Matema, watakuta vyungu vya Wakisi sokoni chini ya milima ya Livingstone, wakafahamu kwamba wamefuata kinyumenyume njia ambayo vyungu hivyo vilipanda kabla ya gurudumu lolote.

Safari kama hiyo haihitaji fedha nyingi wala vyombo vya kigeni. Inahitaji breki nzuri, mpira wa akiba, maji ya kunywa na daftari. Wageni wa kutoka mbali wameanza kuzitafuta njia tulivu za namna hii duniani kote, nao wanakaribishwa. Lakini itakuwa aibu iwapo mgeni ataijua njia ya Masukulu kwa baiskeli yake, na mwanafunzi wa Rungwe aijue kwa kuisikia tu.

Lililo hatarini

Tangu miaka ya 2000 pikipiki zimeenea vijijini kwa kasi. Jina lenyewe la bodaboda lilizaliwa kwa baiskeli, zilizowavusha abiria na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda tangu miaka ya 1960. Pikipiki zimelirithi jina na kazi. Si haki kuilaumu pikipiki. Mgonjwa anayefikishwa hospitali usiku, na mama aliyepumzika kubeba mzigo, wana sababu ya kuishukuru. Barabara nzuri nazo ni haki ya wakulima walionyimwa tangu ukoloni.

Hatari iko mahali pengine. Njia ya miguu haina hati. Ikiachwa kukanyagwa kwa misimu michache, mwenye shamba husogeza mpaka wake, magugu hufunga, maji ya mvua huchimba korongo, na njia hufa. Ikifa, mto uliokuwa na kivuko chenye jina unabaki bila jina. Mzee aliyekuwa akiulizwa haulizwi tena. Kijiji kilichokuwa jirani kinakuwa mbali, kwa kuwa ni mpaka uzunguke barabarani na ulipe nauli. Maskini ndiye wa kwanza kuonja hasara hiyo.

Dawa yake si ngumu. Serikali za vijiji zinaweza kuzitambua njia hizi katika mipango ya matumizi ya ardhi, ili zisimezwe na mashamba. Siku za kazi za pamoja, ambazo ni urithi wetu, zinaweza kutumiwa kufukia makorongo na kuimarisha vivuko. Shule zinaweza kuandika majina ya njia, vijito na vilima kutoka vinywani mwa wazee wangali hai. Na vijana, wa kike kwa wa kiume, wanaweza kuzipita kwa baiskeli, kwa kuwa njia hulindwa kwanza na wapitaji wake.

Mababu zetu hawakutuachia maktaba za mawe. Walituachia njia juu ya migongo ya vilima, zimenyooka pale panaponyoka na kupinda pale penye sababu. Kila mpindo una maana: hapa palikuwa na mti, pale palikuwa na kijiji cha rika, kule maji yalikuwa mengi mno. Mwenye kupita kwa gari hayaoni hayo, kwa kuwa yuko mbio. Mwenye baiskeli huyaona, na akishuka kusalimia huelezwa. Basi tuzipite njia hizi tukiwa na masikio wazi, na tuwarithishe wanaotufuata zikiwa bado zinapitika.